Basi la Kaka, Mwana Hiti wa Dada

MWEZI wa Agosti, mwaka 2011, sisi watoto wanne tuliobaki wa nyumba moja ya Kariakoo, Dar es Salaam, tulipewa siku tatu za kuondoa vitu vya wazazi wetu kabla ya nyumba kukabidhiwa kwa mnunuzi. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba miaka mingi kabla yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mtindo ambao wakazi wa zamani wa mtaa huo wanaufahamu vyema: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi ukipita katikati, baraza mbele na ua nyuma. Majirani zetu wa kulia na wa kushoto walikuwa wamekwisha kuuza, na maghorofa yaliyosimama mahali pa nyumba zao yalikuwa yakitunyima jua tangu alasiri. Basi nasi tukauza.

Kariakoo, kama wengi wajuavyo, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho Waingereza walikiweka hapo baada ya kuutwaa mji mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa siku tatu zile na sisi tulikuwa wapagazi.

Tulitazamia kugombana. Ndugu hugombana panapo urithi, na kila mmoja wetu alikuwa amekuja na hoja zake juu ya cherehani ya mama, kabati la vyombo, na samadari ya chuma ambayo sote tulizaliwa juu yake. Ajabu ni kwamba vitu hivyo viligawanywa kwa muda usiozidi saa moja, bila neno baya. Kilichotukalisha siku mbili nzima, na kikatufanya wengine tusisalimiane kwa wiki kadhaa, ni sanduku la mbao nyepesi lililopata kuwa la majani ya chai, ambalo mama alikuwa amelisukumiza chini ya kitanda hicho.

Ndani yake mlikuwa na basi la waya lililopinda, daftari la shule lililojaa stempu, kipande cha kanga kisichozidi upana wa viganja viwili, mfuko wa gololi usio na mwenyewe, na chini kabisa, ndani ya kaniki, mwana hiti.

Ndugu msomaji, kama umepata kuhamisha nyumba ya wazazi wako bila shaka umekutana na sanduku la namna hiyo. Labda kwenu lilikuwa mkoba au pakacha. Wazazi wetu waliokuwa wepesi wa kutuambia kwamba mchezo haulishi mtu, ndio hao hao waliokuwa wakiokota vitu vya mchezo wetu tulipovisahau na kuvihifadhi kwa miaka thelathini bila kutuambia.

KUMBAKUMBA

Basi lilitengenezwa na kaka yangu mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kwa faida ya wasomaji vijana yafaa nieleze hali ya siku zile. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuacha hazina ya nchi ikiwa tupu. Maduka yaliyokuwa na shida ya kupata sabuni na sukari hayakuwa na haja ya kuweka magari ya watoto. Mtoto aliyetaka gari alilitengeneza, na asiyejua kutengeneza alimsifia anayejua.

Katika mji huu magari makubwa kuliko yote machoni petu yalikuwa mabasi ya Ikarus ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, yale marefu yaliyounganishwa katikati, ambayo wananchi waliyapa jina la Kumbakumba kwa jinsi yalivyokuwa yakizoa watu kituoni. Watoto wengi walitengeneza Land Rover na malori. Kaka alikusudia kutengeneza Kumbakumba, yaani basi litakalokata kona kwa kujikunja kiunoni.

Kazi hiyo ilimla likizo nzima. Waya ulitoka katika ua wa jirani, kosa ambalo alilikiri mbele yetu baada ya jirani mwenyewe kufariki. Magurudumu yalikatwa kwa wembe kutoka katika soli za ndala zilizochakaa. Ubavu ulikuwa wa bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, na taa zilikuwa vifuniko vya dawa ya meno. Kiungo cha katikati, ambacho katika basi la kweli hukunjuka na kukunjamana kama kodiani, kilimshinda mara tatu. Alijaribu kitambaa kikachanika, akajaribu karatasi ya gamba ikalowa, mwisho akapata mpira wa ndani wa baiskeli. Fimbo ndefu ya waya yenye usukani juu yake ilimwezesha kuliendesha akiwa amesimama wima, akikimbia. Alilipeleka kutoka baraza yetu hadi Mnazi Mmoja na kurudi, na watoto wa mitaa mitatu walimfuata. Nauli ililipwa kwa vizibo vya soda.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka saba. Yeye alipewa kazi ya ukonda: kukusanya vizibo na kupiga kelele za vituo. Kulishika basi hakuruhusiwa hata siku moja. Alilia, akasemelea kwa mama, akaahidi kutoa gololi zake zote, lakini kaka alikataa katakata, kwa hoja kwamba konda haendeshi.

Sasa mwaone watu hao hao wakiwa watu wazima. Kaka, ambaye wakati ule wa kuhama alikuwa mhasibu katika ofisi moja ya Posta, alipoliona basi alicheka sana. “Hili takataka bado lipo? Litupeni.” Akageukia kabati. Ndipo mdogo wetu, mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye ndevu na watoto watatu, aliposema kwa sauti ya chini, “Kaka, kama hulitaki, nipe mimi.”

Kaka alisimama. Akalitazama basi, akamtazama mdogo wake, kisha akasema neno lililotushangaza sote: “Ngoja kwanza.”

Walibishana hadi magharibi. Kaka, aliyekuwa tayari kulitupa jaani, sasa alidai kwamba ni kazi ya mikono yake na kwamba atalionyesha kwa watoto wake. Mdogo wetu alijibu kwamba miaka thelathini na moja hajaliulizia, na kwamba yeye hajapata kulisahau hata mwezi mmoja. Siku ya pili hawakusalimiana.

Nimepata kusoma kitabu kilichotoka mwaka 1981 cha wataalamu wawili, Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton, ambao walizitembelea familia 82 za Chicago na viunga vyake na kuwauliza watu 315, wa vizazi vitatu, ni vitu gani vya nyumbani mwao wanavyovithamini na kwa nini. Vijana waliwatajia vitu vya kutendea jambo, na mbele ya vyote mashine za muziki. Mababu na mabibi waliwatajia picha. Wazazi walikuwa katikati, na fanicha zao. Kwa maneno mengine, mtoto hukipenda kitu kwa lile analoweza kulifanya nacho, na mzee hukipenda kwa wale watu wanaomjia akilini akitazamapo.

Chicago ni mbali, na nyumba zao si zetu, lakini naona jambo hilo lilikuwa kweli katika ukumbi wetu. Kaka alikuwa amekwisha kulifaidi basi. Alilibuni, akaliunda, akaliendesha, akashangiliwa, akamaliza. Mkononi mwake lilibaki waya na bati. Mdogo wetu hakulifaidi, kwa hiyo kwake halikuisha. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto atakumbuka alichopewa. Kwa maoni yangu alichonyimwa ndicho hukumbukwa kwa usahihi zaidi, hata rangi ya vifuniko vya taa.

Siku ya tatu asubuhi kaka alikuja na koleo. Hakusema lolote. Alikaa chini ukumbini, akaanza kunyoosha mhimili wa nyuma uliokuwa umepinda, na baada ya muda akasema bila kuinua uso, “Nishikie hapa.” Mdogo wetu akachuchumaa, akashika waya. Walikaa hivyo mpaka adhuhuri, nasi tukapakia mizigo peke yetu bila kulalamika. Basi lilikwenda Tabata kwa mdogo wetu.

Leo limewekwa juu ya kabati la televisheni. Watoto wake hawaruhusiwi kuligusa. Nilipomkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulia kwa kunyimwa basi hilo hilo, alinijibu kwamba hao wanayo ya kwao ya plastiki, tena yale marefu ya mwendokasi wanayapanda kila siku, wanataka nini zaidi. Sikuona haja ya kuendelea na mazungumzo hayo.

STEMPU NA KANGA

Daftari la stempu lilikuwa langu, na halikugombewa na mtu. Nikiwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa na desturi ya kwenda Posta siku za Jumamosi asubuhi, wakati ofisi zilipokuwa zikifanya kazi nusu siku, kuwaomba matarishi bahasha za zamani. Nilizirowanisha katika sufuria, nikazibandua stempu, na kwa kutojua nikazibandika daftarini kwa uji wa ngano, jambo ambalo mkusanyaji yeyote atakuambia huziharibu kabisa. Nilizipenda zile za samaki zilizotolewa mwaka 1967 na za vipepeo za mwaka 1973, kwa sababu ya picha tu. Stempu za ukumbusho zilizoandikwa majina ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja sikuzijali. Niliona zina maneno mengi.

Nilipolifungua daftari mwaka 2011, samaki na vipepeo niliwapita. Macho yalikwenda kwenye stempu zenye majina matatu, na nikatambua jambo ambalo utotoni halikunipitia akilini, kwamba majina yale yalikuwa yakipokezana nafasi: hapa Kenya imetangulia, pale Uganda, pale Tanzania. Jinsi mataifa matatu yalivyojitahidi kutokoseana adabu juu ya kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa kidole gumba! Nikaanza pia kusoma mihuri: Tabora, Kigoma, Mwanza, Lindi. Kila mmoja ni barua ya mtu kwa mtu.

Kipande cha kanga, kwa upande wake, kilikuwa cha mdogo wetu alipokuwa mchanga. Hakulala bila kukishika puani, na dada anakumbuka kwamba siku mama alipokifua na kukianika, mtoto alilia hadi kikakauka na hata hapo akakikataa kwa siku mbili. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza jambo hilo katika mhadhara wake wa mwaka 1951. Alisema kwamba kitambaa cha namna hiyo ni daraja kati ya mtoto na mama yake, na kwamba mama mwenye busara hukiacha kichafuke na kinuke, kwani akikifua hukatisha kitu kisichotakiwa kukatizwa. Aliongeza kwamba mtoto anapokua hakisahau wala hakililii. Maana yake humtoka kidogo kidogo tu. Na kweli, yule aliyepigania basi kama simba alikiangalia kipande cha kanga yake mwenyewe na kuuliza, “Hiki kitambaa cha nini?”

MWANA HITI

Nimechelewa kufika hapa kwa makusudi.

Mwana hiti ni mtoto wa mti wa Wazaramo, wenyeji wa nchi hii ambayo mji wa Dar es Salaam umekaa juu yake, na majirani zao Wakwere, Wadoe na Waluguru nao wanaye. Urefu wake aghalabu haufiki shubiri. Hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili cha mviringo, matiti madogo, kitovu, na kichwa chenye vishungi viwili mfano wa nywele zilizosukwa. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, na katika muda huo alipewa mwana hiti awe mtoto wake. Alimwogesha, alimpaka mafuta, alimlaza. Mtaalamu wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na Wazaramo wa pwani katika miaka ya sitini, aliandika kwa kirefu juu ya mambo hayo ya mwali, unyago na mti wa mkole katika kitabu chake cha mwaka 1970.

Lugha yenyewe hutufundisha jambo. Kwetu hakuna aliyesema mwana hiti “imewekwa” sandukuni, husemwa “amelala.” Kinyago huwekwa, mwana hiti hulala.

Wetu alikuwa wa bibi, mzaa mama, kutoka Kisarawe. Alimlea bibi, akamlea mama, kisha dada. Baada ya dada hapakuwa na mtoto mwingine wa kike, ndipo akalazwa sandukuni.

Nilipomfunua kutoka katika kaniki yake nilifurahi kupita kiasi. Niliwaambia ndugu zangu kwamba huyu ni urithi, kwamba wenzake wamo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, kwamba tumpeleke Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, jina la familia liandikwe. Nilisema mengi. Dada alikuwa akikunja mashuka. Alisubiri nimalize.

“Mdogo wangu,” akasema, “wewe ulimwona mwana hiti. Mimi niliuona mlango.”

Akatueleza, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Mwishoni mwa mwaka 1967 alikuwa darasa la sita, na hesabu alikuwa akiziongoza darasani. Bibi alikuja kumchukua likizo. Aliwekwa ndani kijijini hadi masika ikaisha. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulikuwa na ufa, na ufani alikuwa akiona kipande cha njia, watu wakipita magoti kwenda chini. Alipotolewa ngoma ilikuwa kubwa na zawadi zilikuwa nyingi. Shuleni nafasi yake ilikuwa imekwisha. Hakurudi tena.

“Bibi hakunichukia,” alisema. “Alinifanyia aliyofanyiwa, na alinipa kitu chake cha thamani kuliko vyote. Nilimpenda huyu,” akaelekeza kidevu kwenye kaniki, “kwa sababu chumbani tulikuwa wawili. Nilimpaka mafuta ya mbarika kila siku. Nilimhadithia hesabu.”

Kisha akaeleza lililobaki. Mwali alionywa kwamba akimwangusha mwana hiti huenda asipate mtoto. Usiku mmoja dada, kwa usingizi, alimwangusha. Hakumwambia mtu. Aliolewa mwaka 1972 na mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1976. Katika miaka minne hiyo mume alipelekwa kwa waganga, yeye alipelekwa hospitali, mawifi walisema waliyoyasema, na kila usiku dada alisikia sauti ile ya mti kugonga sakafu ya udongo. Alizaa watano. Lakini tangu siku ya harusi yake hakutaka kumwona mwana hiti, na mama alilijua hilo, ndiyo maana alimweka chini kabisa.

“Mimi nasema auzwe,” alimaliza. “Fedha zigawanywe.”

Nani angembishia?

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata mimi na dada tulitoka Kariakoo kwa miguu kwenda Posta, mwana hiti akiwa ndani ya mkoba wake, amefungwa kaniki. Tulipita Mtaa wa Kongo. Tangu Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mtaa huo haukukosa tena vitu vya watoto, na siku hizo ilikuwa imefika zamu ya China: vichanga vya plastiki vya nywele za dhahabu, vilivyopangwa ndani ya maboksi yenye dirisha la nailoni, mamia kwa mamia, vyote vikitabasamu. Dada alisimama, akachukua kimoja, akakipindua kuangalia mgongo, akauliza bei, akakirudisha. “Hawa nao wako ndani,” alisema, akagonga lile dirisha kwa ukucha. Nilidhani anatania.

Tulikwenda na Barabara ya Uhuru, tukapita Mnazi Mmoja na Mnara wa Saa, tukaingia Samora. Karibu na Sanamu ya Askari, yule askari wa shaba aliyesimama pale tangu mwaka 1927, palikuwa na maduka ya vinyago kwa ajili ya watalii. Tuliingia katika moja. Katika rafu walikuwako mwana hiti wapya kama ishirini, waliochongwa juzi na kupakwa rangi ya viatu ili waonekane wakongwe. Bei yao ilikuwa shilingi elfu kumi na tano.

Mwenye duka, kijana mwenye adabu, alimwamkia dada, akampokea mwana hiti wetu kwa mikono miwili, akampeleka mlangoni penye mwanga. Alimgeuza polepole. Sura yake ilibadilika.

“Shikamoo tena, mama,” alisema, akacheka. “Huyu ni wa kweli. Angalia mng'ao huu. Sisi hapa tunajaribu kwa rangi, kwa moshi, kwa nta, haupatikani. Huu ni wa mafuta na mikono ya watu, miaka na miaka. Na hapa shingoni, angalia, pamelika kidogo. Hapa ndipo alipokuwa akishikwa.”

Dada alinyoosha mkono, akaweka kidole gumba chake mahali pale. Kiliingia kama kimepimwa.

“Hapo ni mimi,” alisema.

Kijana alitaja shilingi laki tatu, na nikaona katika macho yake kwamba angefika hata tano. Dada hakubisha bei. Aliuliza swali moja.

“Ukimnunua atakwenda wapi, mwanangu?”

“Ulaya, mama. Hawa hawakai hapa. Huko watamtunza vizuri, wanawaweka katika makabati ya kioo, na taa juu, na kufuli.”

“Ndani?”

“Ndani, mama.”

Dada alimtwaa mwana hiti kutoka mikononi mwa yule kijana, bila ghadhabu, kama mama amtwaavyo mtoto wake kwa jirani jioni ikiingia. “Amekwisha kukaa ndani vya kutosha,” alisema. Hakumfunga tena katika kaniki. Alimbeba mkononi hadi kituo cha daladala, na watu walitutazama.

Ndugu zangu waliponiuliza fedha ziko wapi niliwaambia bei haikufaa.

Mwaka 2023 nilikwenda Mbagala kumjulia hali. Anaumwa magoti, lakini akili na ulimi ni vile vile. Alikuwa ameketi juu ya mkeka barazani, na mbele yake mjukuu wake wa mwisho, binti wa miaka minne, alikuwa amewapanga watoto wake watatu ukutani kuwalisha uji wa mchanga: kichanga cha plastiki kisicho na mguu, chupa ya maji iliyovishwa kitambaa, na mwana hiti. Mwana hiti alikuwa na mkufu wa vizibo vya soda. Mtoto alimwinua ampanguse mdomo, akamponyoka, akaanguka juu ya sakafu ya saruji kwa sauti kavu ya mti.

Mkono wa dada ulitoka mapajani upesi kuliko nilivyodhani magoti yale yangeruhusu. Ukafika nusu ya njia. Ukasimama hapo kitambo, kisha akaurudisha mapajani, akaufunika kwa mkono wa pili.

“Mwokote,” alimwambia mtoto. “Mfute vumbi. Haya, endelea, hajashiba huyo.”